Shahada Peke Yake Haichimbi Dhahabu

Kila mwaka, mwezi wa Julai unapoingia, mabasi yatokayo Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya huwashusha Shinyanga, Kahama na Geita vijana wengi wenye mabegi mgongoni na bahasha mkononi. Ndani ya bahasha hizo mna barua zenye mhuri wa chuo, zinazomwomba meneja fulani au mkurugenzi fulani ampokee mwenye barua kwa majuma kadhaa ili ajifunze kazi. Vyuo huyaita majuma hayo mafunzo kwa vitendo. Vijana wenyewe husema wanakwenda fildi. Wengine hupokewa siku ile ile. Wengine huambiwa warudi kesho, na kesho huambiwa warudi Jumatatu, hata juma la tatu likapita hawajashika kalamu wala nyundo. Wapo pia wanaotafuta mtu wa kuwagongea mhuri tu, kisha wakarudi nyumbani kulala mpaka chuo kifunguliwe.

Watu wengi huliona jambo hili kuwa dogo. Sisi twaliona kuwa kubwa, kwa kuwa majuma hayo machache ndiyo mahali pa pekee ambapo darasa na kazi hukutana kabla kijana hajavaa joho. Yakipotea, kijana humaliza masomo akiwa amesikia habari za kazi bila ya kuiona, na mwajiri hubaki akilalamika kwamba vyuo vyetu vinatoa watu wasiojua kitu. Twasema leo kwamba kazi ya msomi haianzi siku ya mahafali, bali huanza siku aingiapo chuoni. Na kwamba kumwandaa kwa kazi hiyo si shauri lake peke yake, bali ni shauri letu sote tuliotangulia kazini.

Deni la kijiji

Kwanza na tukumbuke ni nani anayemsomesha kijana huyu. Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa na kijiji chenye njaa chakula chote kilichosalia, ili apate nguvu za kwenda mbali na kurudi na chakula kwa ajili ya wote. Mfano huo haujachakaa. Katika mbuga za Shinyanga mzee huuza ng'ombe, mama huuza mpunga au mtama, kaka huahirisha kuoa, ili mmoja wao afike Mlimani, Dodoma, Nyegezi au Mzumbe. Na juu ya hayo ipo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005.

Mkopo si sadaka. Siku kijana apatapo kazi ya mshahara, 15 kwa mia ya mshahara wake hukatwa kila mwezi mpaka deni liishe. Asiyepata kazi hubaki na deni bila ya njia ya kulilipa, na pale nyumbani hubaki na deni jingine, lile lisiloandikwa katika daftari lolote, la ng'ombe waliouzwa. Kwa hiyo kijana anayecheza na miaka yake mitatu au minne ya chuo hachezi na mali yake. Na ofisi inayomzungusha kijana huyo kwa majuma matatu nayo haichezi na mali yake.

Njia tulizopita

Shauri hili la msomi na kazi halikuzaliwa jana. Chuo kikuu chetu cha kwanza kilianza Oktoba 1961 mjini Dar es Salaam, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria tu. Siku zile nchi ilikuwa na njaa ya wasomi. Kiti kilikuwa kikimngoja mtu, wala si mtu kukingoja kiti. Na aliyemaliza masomo aliulizwa tu anapenda kukaa wizara gani.

Hali hiyo ilileta ugonjwa wake. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwarudisha makwao zaidi ya 300, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa 20 kwa mia. Machi 1967 likatoka andiko la Elimu ya Kujitegemea, ambalo lilitaka shule isimtenge mtoto na kazi ya wazazi wake. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma: aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa afanye kazi kwanza, apate sifa za mwajiri na za tawi la chama, ndipo aombe kuingia chuo kikuu.

Azimio hilo lilikuwa na wema wake na kasoro zake, na yafaa kuyasema yote mawili. Wema wake ni kwamba mtu aliingia chuoni akijua amefuata nini, kwa maana alikwisha kuona kazi na upungufu wake. Kasoro yake ni kwamba hesabu na sayansi zilisahaulika wakati wa kungoja, na wasichana wengi waliokaa nje hawakurudi tena masomoni. Hatimaye utaratibu huo uliachwa.

Lakini kulikuwa na njia nyingine, nayo ilipita kati ya hizo mbili. Kitivo cha Uhandisi kilichofunguliwa Mlimani mwaka 1973 kiliamua kwamba mwanafunzi asingoje kazi mpaka mwisho wa masomo, wala asiifanye yote kabla ya masomo, bali kila mwaka atoke darasani aende karakana, kiwandani au mgodini, kisha arudi akiwa na maswali mapya. Njia hiyo ndiyo iliyodumu, na leo vyuo vingi na masomo mengi yameifuata. Wale vijana wa Julai wenye bahasha ni watoto wa uamuzi ule. Sisi twaamini kwamba uamuzi ulikuwa wa busara. Kilichopungua ni utimizaji wake.

Kiti hakimngoji mtu

Tangu siku zile mambo yamegeuka. Vyuo vimeongezeka, na wahitimu wameongezeka kuliko viti. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilipotangaza nafasi 70, waliofika kufanyiwa usaili walizidi 10,000, hata ikabidi usaili ufanywe katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Wengi wa watu wale walikuwa na vyeti vizuri. Lakini mahali ambapo kila mtu ana cheti, cheti hakimtofautishi mtu na mwenzake. Mwajiri hutazama jambo jingine: huyu ameshika nini, ameona nini, na ni nani aliyefanya naye kazi awezaye kumshuhudia?

Haya hatuyasemi ili kuwavunja moyo vijana. Twayasema kwa sababu wapo wazazi na hata walimu ambao bado wanamwambia mtoto maneno ya mwaka 1961, kwamba soma tu, kazi zipo. Ukitaka kuruka, agana na nyonga.

Funzo la mashimo yaliyofungwa

Sasa na tuitazame nchi yetu hii, kutoka Mwadui mpaka Geita. Hakuna mahali katika Tanzania panapofundisha wazi zaidi uhusiano wa kisomo na kazi. Mwaka 1940 Dokta John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi pale Mwadui. Bwana yule alikuwa msomi wa Chuo Kikuu cha McGill, walakini hakuipata almasi ndani ya kitabu. Aliizunguka nchi kwa miaka, akichimba na kupepeta mchanga, tena mara nyingi mfukoni hamna kitu. Kisomo kilimwonyesha pa kutazama. Miguu na mikono ndiyo iliyompeleka. Hatumsifu kwa utajiri alioupata katika ardhi iliyokuwa chini ya utawala wa kigeni. Twamtaja ili kijana aone kwamba hata mwenye shahada ya juu kabisa alipaswa kuinama.

Geita nayo ina funzo la pili. Mgodi wa kale ulichimbwa tangu miaka ya 1930 ukafungwa mwaka 1966, na kwa miaka mingi baadaye mji ulibaki na masimulizi. Mgodi wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Bulyanhulu ulifunguliwa mwaka 2001. Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009, na mwaka 2021 uzalishaji wake ukakoma: miaka 12 tu! Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka mgodi ulipofunguliwa alikuwa hajaingia chuo kikuu mgodi ulipofungwa. Na mwaka 2017, serikali ilipozuia makinikia kusafirishwa nje ya nchi, Bulyanhulu ilipunguza shughuli zake na mamia ya wafanyakazi wakapoteza kazi, hata yakaja makubaliano yaliyozaa kampuni ya Twiga, ambamo serikali ina hisa 16 kwa mia, ndipo uchimbaji ukaanza tena.

Funzo lake ni nini? Ni kwamba dhahabu huisha, na hata kabla haijaisha yaweza kusimama. Kijana anayejiandaa kuwa mtu wa mgodi mmoja tu hufungwa pamoja na mgodi huo. Anayejiandaa kuwa mjuzi wa kazi huondoka na ujuzi wake. Fundi umeme aliyejifunza katika mitambo ya Buzwagi bado ni fundi umeme katika kiwanda cha kuchambua pamba, katika reli ya kisasa inayojengwa kutoka Isaka kwenda Mwanza, au katika karakana yake mwenyewe pale Kahama. Mhasibu aliyejifunza kutunza ghala la mgodi aweza kutunza ghala la chama cha ushirika. Kwa hiyo mwanafunzi asiulize tu, "Nitaajiriwa na mgodi gani?" Na aulize, "Ni ujuzi gani nitakaobaki nao siku geti litakapofungwa?"

Kazi zilizo nje ya geti

Tena vijana wengi wakitaja dhahabu hufikiri juu ya migodi mikubwa peke yake, ile yenye ukuta na walinzi. Hilo ni kosa. Nenda Nyarugusu, Lwamgasa, Mwakitolyo au Mwime utazame maduara ya wachimbaji wadogo. Huko wako maelfu ya watu wanaoshuka ardhini kwa kamba, wakishikilia udongo kwa matimba ya miti, na wengi wao hawajapata kumwona mhandisi akiwatembelea. Oktoba 2015 duara la Nyangalata, Kahama, liliporomoka, na wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Januari 2017 wengine 15 walifukiwa katika mgodi mmoja wa Nyarugusu, wakaokolewa baada ya siku kadhaa. Agosti 2025 wachimbaji 25 walinaswa ardhini Nyandolwa, Shinyanga, na si wote waliotoka wakiwa hai. Watu hushukuru Mungu kwa waliopona, nasi twashukuru. Walakini yatupasa kuuliza: wako wapi vijana wetu waliosoma namna miamba inavyobeba uzito na namna hewa inavyopita chini ya ardhi? Wako mjini, wakingoja tangazo la kampuni.

Hali kadhalika zebaki. Kwa miaka mingi mchimbaji mdogo ameikamata dhahabu kwa zebaki na kuichoma motoni, huku watoto wakiwa karibu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao nchi yetu imeuridhia, wataka matumizi hayo yapunguzwe na yakomeshwe inapowezekana. Lakini mkataba hauchenjui dhahabu. Lazima awepo mtu wa kumwonyesha mchimbaji njia nyingine, tena kwa lugha anayoielewa na kwa gharama anayoiweza. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lina vituo vya mfano Lwamgasa na Katente katika Mkoa wa Geita kwa ajili ya kuwafundisha wachimbaji wadogo uchenjuaji bora. Mwanafunzi wa kemia au wa uchenjuaji atakayekaa majuma manane mahali kama hapo, akilinganisha dhahabu inayopatikana kwa njia hii na ile, atajifunza mambo ambayo hata mwalimu wake huenda hajayaona.

Wala si wanasayansi peke yao wanaotakiwa. Soko la madini la Geita, la kwanza nchini, lilifunguliwa Machi 2019. Hapo panatakiwa watu wa vipimo, wa hesabu na wa kodi. Sheria inaitaka migodi ipange pamoja na halmashauri matumizi ya fedha za kuihudumia jamii. Hapo panatakiwa watu wa mipango wanaoweza kumwambia mwananchi kwa lugha yake fedha zake zimekwenda wapi. Kizumbi, Shinyanga, kuna tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika cha Moshi. Na vikundi vya wachimbaji vina haja kubwa ya katibu ajuaye kuandika mkataba na kugawa mapato bila ya ugomvi. Hata msitu una kazi yake. Mpango wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulizirudisha ngitili za wazee wetu, na nchi iliyokuwa jangwa ikaota miti. Leo miti hiyo inakatwa kuwa matimba. Ni nani atakayekaa na wachimbaji na wafugaji akapata mapatano baina yao, ikiwa si kijana wa hapa aliyesomea misitu?

Miaka mitatu na namna ya kuitumia

Basi mwanafunzi afanye nini? Twamshauri hivi.

Mwaka wa kwanza ajue kazi yake imefungwa kwa kufuli gani. Watu wengi hugundua baada ya mahafali kwamba shahada si ufunguo wa mwisho. Mhandisi hutakiwa afanye kazi chini ya mhandisi mzoefu, na kwa ajili hiyo Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa miaka mitatu ulioanza mwaka 2003. Mhasibu ana mitihani ya bodi yake. Mwanasheria anayetaka kuwa wakili lazima apite Shule ya Sheria kwa Vitendo. Anayeyajua hayo mapema hupanga masomo yake, fedha zake na hata urafiki wake kwa kuyatazama.

Mwaka wa pili aende fildi kweli. Asiandike barua mwezi wa Juni kwa ofisi kumi kwa maneno yale yale. Aandike mapema, aseme ni kitengo gani anachokitaka na kwa nini. Akipokewa, afike kabla ya saa, avae viatu vya kazi, awe na daftari, aandike kila jioni alichokiona na asichokielewa. Asione haya kuuliza. Na asimdharau fundi asiye na shahada. Tangu mwaka 2009 VETA Moshi imekuwa ikiwafundisha mafundi wa migodini kwa ushirikiano na kampuni za madini, na mafundi wa namna hiyo wana elimu mikononi ambayo msomi hataipata mahali pengine. Mwanafunzi anayemsalimu fundi kwa heshima na kumshikia spana hufundishwa. Anayejiita injinia kabla ya wakati huachwa akisimama kivulini.

Mwaka wa mwisho hutakiwa aandike utafiti. Hapa twasikitika sana. Tafiti nyingi huandikwa juu ya jambo lililokwisha kuandikwa na wengine, hunakiliwa, hufungwa kwa jalada zuri, na kuwekwa kabatini. Kwa nini mtoto wa Geita asiandike juu ya maji ya kisima cha kijiji chake kilicho karibu na mitambo ya kuchenjulia? Kwa nini mtoto wa Kahama asiandike yaliyowapata wafanyabiashara wa mji baada ya Buzwagi kufungwa? Utafiti wa namna hiyo ni barua ya kuomba kazi iliyo bora kuliko zote, kwa sababu unamwonyesha mwajiri mtu aliyekwisha kuifanya kazi.

Na katika miaka yote hiyo kuna jambo lisiloandikwa katika cheti, nalo ni tabia. Mgodini uongo mdogo huua watu. Aliyezoea kumwandikia mwenzake jina katika karatasi ya mahudhurio darasani, kesho ataandika kwamba ameikagua kamba asiyoikagua.

Neno kwa ndugu zetu walio kazini

Sasa twageuka kwenu, ndugu wafanyakazi, maana gazeti hili ni lenu, na neno hili ni lenu kuliko la vijana. Ninyi mlio migodini, katika halmashauri, benki, hospitali na karakana ndio walimu wa majuma yale manane. Chuo humpa kijana barua, lakini ninyi ndio mnaompa kazi au mnaomnyima. Twajua yanayotendeka. Kijana wa mwaka wa tatu hutumwa kununua vitafunwa na kutoa nakala za karatasi mpaka siku zake zinakwisha. Mwingine huambiwa, "Kaa hapo," akakaa hapo miezi miwili. Wako wanaoogopa kumfundisha wakidhani atawanyang'anya nafasi. Ndugu zetu, hofu hiyo haina msingi. Anayewafundisha wengine huonekana na wakubwa wake kuwa afaa kupandishwa. Anayeficha ujuzi hubaki pale pale na ujuzi wake uliofichwa.

Kuna lililo baya zaidi, nalo hatutalifumba. Nafasi za fildi hutolewa kwa kujuana, mtoto wa mkubwa akatangulia mtoto wa mkulima. Na wako wanaume wasio na haya wanaomtaka binti mwanafunzi kwanza ndipo wamtilie sahihi fomu yake. Hiyo ni rushwa, na sheria ya nchi imeikataza kwa jina lake. Mwanachama wa kweli hawezi kulijua jambo hilo katika ofisi yake akanyamaza. Yule binti ana baba aliyeuza ng'ombe kama wewe ulivyouza.

Kwa wakuu wa kampuni twasema haya. Kanuni za mwaka 2018 juu ya kuwashirikisha Watanzania katika madini zinawataka muwe na mpango wa kuajiri na kufundisha wenyeji, na wa kuwarithisha nafasi zinazoshikwa na wageni. Mpango huo usiishie katika jalada linalopelekwa Tume ya Madini. Urithi wa nafasi ya juu huanza kwa mwanafunzi aliyepokewa vizuri. Kampuni ya Barrick imeanzisha Buzwagi, pale pale palipofungwa, chuo cha kuwafundisha wasimamizi wa migodi yake. Ni jambo jema, na twapenda kuona vijana wa vyuo vyetu nao wakifunguliwa mlango wa namna hiyo kabla hawajahitimu.

Na kwa vyuo: msimamizi anayefika mara moja, akanywa soda na meneja, akatia sahihi na kuondoka, hajasimamia kitu. Mleteni akae japo siku mbili, naye ajifunze. Huenda akarudi na somo jipya la kufundisha.

Majibu kwa wanaopinga

Tutaambiwa kwamba chuo kikuu si karakana, na kwamba kazi yake ni kufundisha watu kufikiri. Twakubali. Lakini mtu hufikiri juu ya kitu. Na kijana aliyeshuka chini ya ardhi ya Bulyanhulu ana mambo mengi zaidi ya kufikiri kuliko yule aliyeiona katika picha.

Tutaambiwa tena kwamba mtoto wa maskini hawezi kukaa Geita miezi miwili, maana vyumba ni ghali, na fedha za mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo huwafikia wenye mkopo tu, tena si wote. Jambo hilo ni kweli, na dawa yake tunayo. Katika kila tawi la chama kuna wanachama wenye nyumba. Kumpa mwanafunzi chumba na sahani ya ugali kwa majuma manane ni kazi ya chama kama ilivyo kazi ya kuhudhuria mkutano. Wazee wetu walifanya zaidi ya hayo kwa watu wasiowajua.

Na wako watakaosema kwamba hata kijana akijiandaa namna gani, kazi hazitoshi. Hilo nalo ni kweli, wala hatutawadanganya vijana. Maandalizi ya mtu mmoja hayafungui mgodi wala kiwanda. Shauri la kuongeza kazi ni la serikali na uchumi mzima, nasi tutaendelea kulidai. Walakini mtu aliyejiandaa, hata asipoajiriwa, ana kitu cha kuanzia: aweza kuungana na wenzake wawili wakapima maduara, wakawatunzia wachimbaji hesabu, wakatengeneza makarasha yaliyoharibika. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Asiyejiandaa hana hata cha kuuliza.

Julai itarudi, na mabasi yatawashusha tena vijana na bahasha zao. Ndugu mfanyakazi, kijana mmoja atasimama mbele ya meza yako. Usimwambie arudi Jumatatu. Mpe kofia ya kazi, mpe daftari, umwonyeshe mahali pa kuanzia.